Birika Halikuwa la Chai

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza ndugu yetu, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kuja, nawaomba mliosimama kule nyuma msogee kwa sababu viti bado vipo, na nawaomba pia mnivumilie, maana historia nitakayoisoma siyo ile iliyochapwa nyuma ya ratiba mliyopewa mlangoni. Ile imeandikwa na ofisi yake, ina aya mbili, inasema marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda michezo, na mimi niliyekua naye nyumba moja hadi akaota ndevu sijawahi kumwona akikimbia hata kuwahi basi. Mimi ni dada yake mkubwa, mstaafu wa posta, nimeulizwa na watu watatu tangu asubuhi kama nitasoma ile ya ofisi, na nimewajibu wote watatu kwamba miwani yangu haisomi maandishi madogo, sasa hii hapa ni ya kwangu, nimeiandika kwa herufi kubwa.

Marehemu, ambaye karibu wote mlimwita Birika, na alipoanza kuota mvi mkaongeza heshima mkamwita Mzee Birika, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Aprili 1967 katika hospitali kuu ya mji, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, fundi wa kupaka rangi magari, na mama yetu, mshonaji wa viti vya magari hayo hayo. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya gereji, milango ya magari ikiegemea ukuta wa chumba tulicholala, harufu ya tina ya kuchanganyia rangi ikiingia mpaka kwenye uji, na baba hakuwahi kushika bomba la rangi kabla hajatoka uani, akalowesha kidole, akakiinua juu, akanusa hewa, kisha akatamka kwamba leo inafaa au leo haifai. Siku isiyofaa, mteja angelia, angetukana, angeleta na mkewe, gari halipakwi, kwa sababu rangi ile ikikaukia kwenye unyevu ilikuwa inapauka na kuota ukungu mweupe, na baba hakutaka ukungu uondoke na jina lake. Marehemu alikuwa akiyatazama hayo yote akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ninawaomba sana mliweke hilo akilini, kwa sababu watu waliokuja kusema baadaye kwamba habari za hewa alizitunga ukubwani hawakumwona juu ya ndoo ile.

Alianza shule ya msingi Januari 1974 na kumaliza Novemba 1980, na katika kila ripoti ya miaka hiyo walimu waliandika jambo lile lile, kwamba mtoto ana akili ila hajibu kwa wakati. Hawakumwonea. Angeulizwa swali kwenye hesabu, angesimama, angetazama dari, mwalimu angechoka na kumkalisha, na katikati ya somo la jiografia angenyoosha mkono na kutoa jibu la hesabu, sahihi kabisa, na darasa zima lingecheka. Mimi niliyekuwa madarasa mawili mbele yake niliitwa ofisini mara kwa mara kueleza kama huyu mdogo wangu yuko sawa, na nilichoka kueleza nikiwa na umri wa miaka tisa, sembuse leo. Aliingia sekondari mwaka 1981, akamaliza kidato cha sita mwaka 1987, akasomea shahada ya kemia na baadaye ya uzamili, akahitimu tarehe 28 Novemba 1992, sherehe ambayo picha yake inamwonyesha akiangalia pembeni, kwa sababu mpiga picha alihesabu moja mbili tatu na yeye alikuwa bado yuko kwenye mbili.

Tarehe 1 Julai 1993 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa nishati, ile yenye geti la kijani na ngazi zilizomeguka kwenye kona, akaanza kama msaidizi wa maabara na kupanda hadi kuwa mtafiti mwandamizi, na kwa kuwa kila aliyemuuliza kazi yake alipewa jibu lililokwisha watu wakiwa wamelala, ruhusuni niwape la kwangu, nililolipata kwa kumsikiliza miaka na miaka mezani chakula kikipoa. Paneli za jua mnazoziona juu ya mapaa ni za kioo na ni nzito, yeye alishughulika na za aina nyingine, nyepesi, za plastiki, ambazo unaweza kuzikunja kama mkeka ukaweka kwapani, na ndani yake kuna wino unaopokea mwanga na kuzalisha umeme, ila wino huo peke yake haujui umeme uende wapi, lazima uwekewe tabaka moja chini na jingine juu, yote mawili ya oksidi ya metali, moja la zinki, jingine la nikeli, moja likipitisha chaji hasi na kuzuia chanya, jingine likifanya kinyume chake, yaani kama ukumbi wenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea ili watu wasigongane. Wenye uwezo huyatandaza matabaka hayo kwa mitambo mikubwa inayonyonya hewa yote kwanza, marehemu alitaka yatandazwe kwa kimiminika tu, unayeyusha chumvi ya zinki ndani ya pombe ya maabara, unadondosha tone kwenye karatasi ya plastiki, unaizungusha kwa kasi mpaka tone litandae, unaipasha moto kidogo, kidogo tu, kwa kuwa plastiki ikizidishiwa moto inajikunja, na hapo unapata tabaka jembamba kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwa unalizidi unene mara elfu mbili. Kitu ambacho huwezi hata kukiona ndicho kilichomchukua mdogo wangu maisha yake yote, na mimi nimeishi nacho kama wifi wa pili.

Nikitaja wifi, alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998 na wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, mwalimu wa hisabati, ndoa iliyopangwa saa nne asubuhi na kufungwa saa sita na nusu, kwa sababu bwana harusi alipitia maabara mara moja, na ile mara moja yake mnaijua, akakuta tabaka halijakauka, akalisubiri. Wageni walikula biskuti za watoto, mshenga alikuwa ametota jasho, na bibi harusi, ambaye hajawahi kupenda makuu, alinivuta pembeni akaniambia, "Wifi, huyu mtu ikifika saa saba namfuata huko huko maabara na gauni langu hili hili, na atanijibu mbele ya hizo chupa zake." Alifika, akasimama, akaulizwa kama anamkubali, akatazama dari, ukumbi mzima ukashika roho mkononi, kisha akasema ndiyo kwa sauti ambayo sijapata kumsikia akiitoa tena. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2003, ambaye baba yake alimtazama kwa muda mrefu bila kusema neno hadi muuguzi akadhani alitaka wa kiume, na kesho yake mchana ndipo alipoanza kucheka peke yake kwenye korido.

Sasa nafika mahali ambapo ile historia ya ofisi imepita juu juu, imesema marehemu alikumbana na changamoto za kikazi, na changamoto hizo zilianza tarehe 8 Machi 2010, siku ambayo Mkuu wa kitengo chake, ambaye tunaye hapa safu ya pili na tunashukuru amefika, alikata utepe wa chumba kipya cha maabara chenye mashine kubwa ya kukausha hewa. Chumba cha zamani kilikuwa na mlango wa kwenda kwenye kona ya chai, na chai ilichemka pale tangu asubuhi hadi watu wanafunga ofisi, chumba kipya kikafungwa kila upenyo, chai ikapigwa marufuku, hewa ikawa kavu mpaka midomo ikapasuka, wageni wakaletwa kukitembelea na kupigwa picha, na tangu wiki ile matabaka ya zinki yakagoma, yakawa yanatoka na matundu, umeme unavuja, hakuna kinachofanya kazi. Marehemu alishuku chumvi ya zinki, akabadilisha chupa, alishuku pombe, akaichuja upya, alishuku mikono yake mwenyewe, akavaa glavu juu ya glavu, na alimshuku hata mwenzake wa meza ya jirani, rafiki yake kipenzi tunayemwita Miwani, akamwomba asipake mafuta ya nazi kichwani siku za kazi, na Miwani, Mungu ambariki, alikubali, akaenda kazini na kichwa kikavu mwaka mzima bila sababu yoyote. Mimi nami sikuponea, nilishukiwa kwa sabuni niliyofulia koti lake jeupe.

Jumamosi tarehe 15 Oktoba 2011 ile mashine ya kukausha hewa iliharibika, Mkuu alikuwa safarini, Miwani akaona huo ndio wasaa, akaleta birika la nyumbani kwake akalichomeka ndani ya maabara, wakanywa chai kama watu huru, na matabaka waliyotandaza siku hiyo yakatoka mazuri yote, hata moja halikuvuja. Jumatatu fundi akaitengeneza mashine na matabaka yakafa tena. Mtu mwingine angesema bahati, mtoto wa fundi rangi alikumbuka kidole cha baba kilicholowa, ila safari hii mambo yalikuwa kinyume, rangi ya baba iliharibiwa na unyevu, zinki yake iliharibika kwa kuukosa, kwa maana chumvi ile inahitaji kunywa mvuke kidogo kutoka hewani ili igeuke kuwa oksidi kwenye moto mdogo, isipoupata inakauka ikiwa bado chumvi, imejaa matundu. Jioni hiyo alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai, akashukuru, akaondoka na birika langu.

Lilikuwa jipya, la umeme, la bati linalong'aa, nililolipata siku wenzangu wa posta waliponiaga nikihamia tawi jingine, na nililidai miezi mitatu kabla halijapokonywa rasmi, si na mimi bali na Afisa Usalama wa taasisi, kwa kuwa kanuni inakataza vyombo vya vinywaji ndani ya maabara. Marehemu alimweleza kwa utaratibu wake ule, akianzia baba yetu na gereji, kwamba hili si la chai, ni la hewa, naye Afisa akamsikiliza mpaka mwisho akamwambia, "Mzee, nimekuelewa kabisa, lakini birika ni birika," akalifunga kibandiko na kulipeleka stoo. Marehemu akaja kwangu akachukua la pili. Mwaka 2014 likakamatwa, akachukua la tatu, nalo likakamatwa, na wakati huo taasisi nzima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka wahasibu, walikuwa wamesahau jina alilopewa na wazazi wake, kazi ikawa ni Birika njoo hapa, Birika kuna mgeni wako, na yeye aliitikia tu, hakuona kama ni kejeli.

Alipopata matokeo ya kuridhisha, mara kwa mara, mvua na kiangazi, aliandika makala ya kitaalamu kueleza njia yake hatua kwa hatua, na kati ya hatua hizo kulikuwa na sentensi moja ya birika. Makala yasingetoka bila sahihi ya Mkuu, na Mkuu akasema sentensi hiyo iondolewe, akasema, "Tutachekwa, wenzetu wana maabara za kisasa, sisi tuwaandikie birika?" na marehemu alipopendekeza basi liandikwe neno unyevu tu, bila birika, hilo nalo likakataliwa, maana kuandika kwamba tabaka linahitaji unyevu ni kuandika kwamba ile mashine iliyokatiwa utepe ndiyo iliyokuwa ikiliua. Badala yake yakawekwa maneno sita, katika hewa ya kawaida ya maabara. Hapa ndipo ninapochoka kabisa na marehemu mwenyewe, Mungu anisamehe nikisema mbele yake, kwa sababu alitazama dari ya Mkuu kama alivyotazama dari ya shule, na tarehe 20 Mei 2013 akatia sahihi, na jibu alilopaswa kumpa Mkuu siku ile akaja kunipa mimi wiki iliyofuata, mezani, nikiwa nakuna nazi.

Yaliyofuata yalikuwa lazima yafuate. Maabara tatu za mbali zilisoma makala, zikafuata kila hatua kama ilivyoandikwa, katika hewa yao ya kawaida, ambayo ilikuwa kavu, zikapata matundu, zikaandika kulalamika. Marehemu aliandika majibu kamili yenye birika na kila kitu, majibu yakapelekwa kwa Mkuu kwa kuwa barua zote za nje hupitia ofisi yake, na huko yakapumzika. Ikaundwa kamati, na tarehe 11 Novemba 2015 marehemu akaitwa kutandaza tabaka mbele yao, ndani ya kile chumba kikavu, naye akaomba jambo moja tu, birika, na mwenyekiti wa kamati akafungua makala, akasoma kurasa zote, akamwambia kwa upole kwamba kwenye makala hakuna birika, fanya kama ulivyoandika. Ndugu zangu, nimefanya kazi ya serikali maisha yangu yote na nimeona mengi, lakini mtu kukatazwa kufanya kazi yake sawasawa kwa sababu karatasi yake imeandikwa vibaya na aliyeiharibu karatasi amekaa kiti cha pembeni akichunguza kalamu yake, hilo sijawahi kuliona tena. Alitandaza, likavuja. Kamati ikaandika kwamba matokeo hayawezi kurudiwa, watu wa korido wakatafsiri kwamba yalipikwa, na tarehe 4 Januari 2016 mtafiti mwandamizi akahamishiwa stoo, kugawa chupa na glavu, chumba kile kile walimohifadhi mabirika yangu matatu kwenye rafu ya juu yakiwa na vibandiko.

Nilimwambia apige kelele. Wifi alimwambia, mimi nilimwambia, Miwani alimwambia huku amevua miwani na kuigonga mezani, na yeye akatujibu kila mmoja kwa siku yake kwamba ukweli ukiharakishwa unatoka na matundu, jibu ambalo kwa mtu mwenye njaa ya haki linatia hasira kuliko tusi. Kama lingemgusa yeye peke yake ningenyamaza na mimi, lakini binti yake akakua, akachagua kemia, hatukumshauri, akafika mwaka wa tatu, akaandika pendekezo la mradi wake juu ya tabaka hilo hilo la zinki, na msimamizi wake akamwita pembeni na kumwambia abadilishe mada, jina la ukoo wako kwenye mada hii litakuharibia. Alirudi nyumbani akamuuliza baba yake waziwazi, "Baba, uliyapika yale matokeo?" na baba yake akatazama dari, usiku ukapita, chai ya asubuhi ikapita, mtoto amevimba macho, na kesho yake jioni ndipo alipomjibu, "Nilichemsha maji, mwanangu. Sikupika kitu." Mradi wake mpaka hivi ninavyosoma haujapitishwa, na muhula unaanza Jumatatu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo tarehe 17 Februari 2024, akatibiwa nyumbani, kisha akalazwa, akawa akisafishwa damu mara kwa mara, na hata huko alikuwa akimuuliza daktari ile mashine ya kusafishia ina tabaka la unene gani. Mwezi Julai mwaka huu, kiangazi kimekolea, Mkuu akiwa likizo, Miwani alizima mashine ya kukausha hewa, akachomeka birika, akatandaza matabaka kwa maelekezo kamili ya marehemu, pamoja na ile sentensi iliyofutwa, karatasi zote alizotandaza zikafanya kazi, akachukua moja ukubwa wa kiganja, akaiunganisha na kifeni kidogo cha kuchezea, akaja nayo wodini, akailaza juu ya kizingiti cha dirisha penye jua. Kifeni kikazunguka. Muuguzi alisimama na sinia la dawa, wifi alishika mdomo, binti alikuwa ameinama karibu kabisa na dirisha, sote tukamgeukia mgonjwa, na mgonjwa akakitazama kile kifeni, akatazama dari, na safari hii hakutusubirisha, akauliza, "Maji yalichemka kweli, au yalipata moto tu?" Miwani akasema yalichemka. Akasema, "Basi," akageukia ukutani akalala, na Miwani, aliyekuwa amejiandaa kukumbatiwa, ikabidi alie peke yake kwenye korido, mimi nikimshikia begi.

Miwani alimpelekea Mkuu matokeo hayo aliporudi likizo, akamwomba lile jarida lililochapa makala liandikiwe sahihisho la sentensi moja, sahihi inayohitajika ni ya Mkuu, akaambiwa tusubiri hali ya mgonjwa itulie. Hali ilitulia Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jumapili Miwani aliuliza tena, akaambiwa tusubiri msiba upite. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kusubiri, alisubiri hewa, alisubiri zinki, alisubiri majibu ya barua, mimi sina tabia hiyo na nadhani mmeshaona.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti mmoja na dada mmoja.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao walimjibu maswali yake yote hata yale ya saa za kazi nyingi, kwa majirani mlioleta viti na sufuria na kukaa nasi siku zote hizi, kwa wafanyakazi wenzake wote, na kwa namna ya pekee kwa Miwani, ambaye kuanzia leo ninamruhusu rasmi apake mafuta ya nazi kichwani. Tunamshukuru Afisa Usalama, aliyefika jana mchana na katoni kichwani, jasho likimtoka, akaitua mlangoni akaniambia, "Mama, mabirika yenu haya hapa, yote matatu, sikuruhusu mtu ayaguse," na vibandiko vyake bado vilikuwapo, na chai mliyokunywa asubuhi hii imechemshwa humo. Tunamshukuru pia Mkuu wa kitengo, aliyetoa gari la taasisi kuleta mwili, gari zuri, lililofika kwa wakati.

Na kwa kuwa historia ya marehemu haikamiliki bila kazi yake, na kazi yake haikamiliki bila sentensi moja, naisoma hapa mbele yenu nyote kama alivyoiandika yeye, nimeikariri, maana niliisikia mezani kwangu mara nyingi kuliko jina langu. Kabla ya kutandaza, maji yachemshwe katika birika lililo wazi ndani ya chumba hicho hicho, hadi kipimo cha unyevu kifike asilimia hamsini, na mvuke usikatike mpaka tabaka litakapoondolewa kwenye moto. Ni hiyo tu. Mmeisikia, haina aibu yoyote, na hakuna aliyecheka.

Kwa mujibu wa ratiba anayenifuata kuzungumza ni Mkuu, amepewa dakika tano za salamu za rambirambi, kipaza sauti namwachia hiki hapa, binti wa marehemu amekaa upande wake wa kulia na Miwani yuko nyuma yake akiwa na karatasi ya sahihisho na kalamu.

Lala sasa, mdogo wangu, usiamke kuuliza kama yamechemka, yamechemka, nimesimama karibu mwenyewe na nimeuona mvuke.